Bomba la moshi lililotoboka si kelele tu: ni sumu, na dawa yake iko katika garaji ya mtaani

BUTEMBO, Kivu ya Kaskazini – Kuna neno moja linalosikika kila siku penye vituo vya magari, toka Lubero mpaka Beni: « Ni kelele tu, gari inatembea. » Dereva analisema wakati abiria anauliza kwa nini gari inanguruma kama mashine ya kusaga. Mwenye gari analisema wakati dereva anaomba feza za matengenezo. Abiria wenyewe wanalirudia, kwa kuwa wanataka kufika. Neno hilo ni la uongo, na uongo huo unaingia mpaka ndani ya damu ya watu.

Bomba la moshi lililopasuka linaleta sumu ndani ya gari. Na mara nyingi kulitengeneza hakuombi mali nyingi: kunaomba fundi mwaminifu, kipande cha chuma, na saa moja ao mbili za kazi. Mwenye gari anayesema hana uwezo wa kuziba bomba, huku gari yake inabeba watu na kuingiza feza kila siku, haelezi umaskini wake. Anaeleza kwamba kwake yeye mapafu ya abiria yana bei ndogo kuliko kipande cha chuma.

Hewa isiyoonekana

Injini inapochoma esanse ao mazutu, inatoa moshi. Moshi mweusi kila mtu anauona na kuziba pua. Lakini sehemu iliyo mbaya zaidi haionekani. Kati ya hewa zinazotoka katika injini kuna moja inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Mtu anaweza kuivuta saa nzima bila kujua. Ikifika katika mapafu inashikamana na damu kwa nguvu inayopita mara 200 ile ya oksijeni, hewa ambayo mwili unaihitaji ili uishi. Damu inaendelea kuzunguka, lakini imebeba mzigo usiofaa. Ubongo na moyo vinakosa hewa huku kifua kinapanda na kushuka kama kawaida.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kulegea mwili na usingizi mzito. Zikizidi, mtu anapoteza fahamu na anaweza kufa. Kichwa, kutapika, kulegea: katika Kivu, yeyote atasema ni malaria, ao kwamba njia imemsumbua. Mama anamtafutia mtoto dawa ya malaria, na kesho yake wanapanda gari ileile. Iko alama moja inayosaidia kutambua. Kama watu wengi wa gari moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wanapata nafuu wakishuka na kupumua hewa safi, mbu hana kosa hapo. Kosa ni la gari.

Hata baada ya kushuka, sumu hiyo haitoki mara moja. Kwa mtu anayepumua hewa ya kawaida, nusu yake inatoka katika damu baada ya saa 4 mpaka 5 hivi. Mtoto anayesafiri asubuhi na kurudi mchana anaanza safari ya pili wakati ile ya kwanza haijamaliza kutoka mwilini. Mtoto aliye tumboni yuko katika hatari zaidi, kwa sababu damu yake inaishika hewa hiyo kwa nguvu na inaiachilia polepole kuliko damu ya mama yake.

Wengine watasema lori zinatumia mazutu, na mazutu haina sumu hiyo kama esanse. Ni kweli kwamba injini ya mazutu inatoa monoksidi ya kaboni kidogo. Lakini inatoa masizi laini yanayoshuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mwezi wa Juni 2012, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kansa, kilicho chini ya Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS), kiliweka moshi wa injini za mazutu katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa mwanadamu. Kukimbia sumu moja na kuingia katika nyingine hakumsaidii abiria.

Kazi ya bomba ni nyepesi kueleza. Linapokea hewa hizo kwenye injini, linazipitisha chini ya gari, linazituliza kelele, na linazitupa nyuma, mbali na pua za watu. Likitoboka katikati, sumu inatoka chini ya miguu ya abiria. Inapanda kupitia sakafu iliyooza, kupitia tundu la fimbo ya gia, kupitia milango isiyofunga sawasawa. Magari mengi yanayobeba watu katika eneo hili yana mambo hayo matatu pamoja.

Wanaokaa nyuma

Tangu M23 ilipoingia Kanyabayonga mwisho wa mwezi wa Juni 2024, jamaa nyingi zilipanda kuelekea Lubero na Butembo. Nyingine zinatoka upande wa Beni na Ituri, zikikimbia mauaji ya ADF. Watu hao hawasafiri kama mfanyabiashara anayekwenda Kasindi na mkoba mkononi. Wanasafiri na godoro, sufuria, jeri za maji, gunia la maharagwe, na mbuzi kama alibaki. Mzigo huo unawekwa nyuma ya basi dogo, mlango wa nyuma unashindwa kufunga, na kijana wa gari anaufunga kwa kamba ukiwa nusu wazi.

Hapo ndipo hatari inapozidi. Gari inapokimbia, nyuma yake panabaki kama shimo katika hewa, na moshi unageuka kufuata gari. Mlango wa nyuma ukiwa wazi, moshi unavutwa ndani. Hata gari yenye bomba zima inaweza kuwaletea watu wake moshi kwa njia hiyo. Yenye bomba lililotoboka inawaletea mara mbili, kwa mlango na kwa sakafu. Na nani anakaa kwenye kiti cha mwisho, karibu na godoro? Ni mama mwenye watoto, aliyelipa bei ndogo ao aliyepewa nafasi kwa huruma. Mwenye feza anakaa mbele karibu na dirisha.

Kwenye lori mambo ni vilevile. Watu wanakaa juu ya mizigo, mvua ya Lubero inaanza, turubai linafunikwa juu yao. Bomba likiwa limepasuka chini ya mbao za lori, moshi unapanda kati ya mbao na kubaki chini ya turubai. Barabara hiyo inapita katika milima inayozidi mita 2,000 juu ya bahari, ambako hewa yenyewe ni nyepesi na mwili tayari unapata oksijeni kidogo. Sumu inayokula oksijeni ya damu inamshika mtu wa mlimani kwa haraka kuliko mtu wa pwani.

Kisha kuna kungoja kwenye barieri. Gari inasimama usiku, baridi ni kali, madirisha yamefungwa, injini inaachwa ikiwaka ili watu wapate joto kidogo. Gari iliyosimama haina upepo wa kutawanya moshi. Kama bomba limetoboka, watu hao wanalala ndani ya chumba cha sumu. Dereva anayefanya hivyo kwa moyo mwema anaweza kuwaua abiria wake kwa moyo huohuo.

Na ile kelele yenyewe isidharauliwe. Hewa ikiingia katika bomba kupitia tundu, inakutana na esanse isiyoungua ndani ya chuma chenye moto, na inapasuka kwa mlio mkali. Katika mji wenye amani, watu wanacheka. Katika kata iliyojaa watoto waliokimbia risasi, mlio huo unawatupa chini ya vitanda. Mtu aliyeacha nyumba yake kwa sababu ya bunduki hastahili kuamshwa usiku na gari ambayo mwenyewe ameshindwa kununua skurubu.

Uongo wa pili: « Ni ghali »

Wakiishiwa na neno la kelele, wenye magari wanaleta neno la bei. Wanasema bomba jipya linatoka mbali, linapita bahari na mipaka, na bei yake haikamatiki. Bomba jipya zima ni ghali kweli. Lakini ni mara chache gari inaomba bomba jipya zima. Mara nyingi imeharibika sehemu moja, na sehemu hiyo inatengenezwa hapahapa.

Kwanza ni kujua tundu liko wapi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, gari iko mahali pa wazi, breki ya mkono imevutwa na mawe yamewekwa chini ya magurudumu. Fundi mmoja anawasha injini, mwingine anakaza kitambaa kizito chenye maji kwenye mdomo wa bomba kwa muda mfupi sana. Hewa iliyozuiwa inatafuta njia, na inatoka kwa sauti ya « sss » palipo na tundu. Palipopasuka panaonekana pia alama nyeusi za masizi. Kazi hiyo haiombi mashine. Inaomba masikio.

Pili ni mipira inayoshikilia bomba chini ya gari. Hiyo ndiyo inayokatika ya kwanza katika barabara za mawe. Bomba linaning'inia, linagonga, maungio yanapasuka, na baada ya wiki chache bomba zima linaburuzwa chini. Mpira wa kushikilia ni kitu kidogo kabisa katika gari. Kwa upande wa nyuma, ambako chuma hakina moto mwingi, mafundi wanakata kipande cha gurudumu kuukuu na kukifunga kwa waya mzito, kinadumu. Karibu na injini hakifai, kitaungua. Aliyebadilisha mpira kwa wakati hakununua bomba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na hapa ukuta ni wa chuma.

Tatu ni maungio, pale ambapo vipande viwili vya bomba vinakutana na kukazwa kwa skurubu. Kati yake kuna pete ya kuzuia hewa isitoke. Pete hiyo ikiungua ao skurubu zikikatika, gari inanguruma kana kwamba bomba limekwisha, kumbe kilichokwisha ni pete. Fundi mvivu atachomelea maungio hayo moja kwa moja, na siku nyingine hayatafunguka tena bila kukatwa. Fundi mzuri anaweka pete mpya na skurubu mpya.

Nne ni tundu la kutu. Chuma cha bomba kinaoza toka ndani, kwa sababu moshi una mvuke wa maji. Gari inayofanya safari fupi za mjini haipati moto wa kutosha kukausha maji hayo, na yanabaki ndani yakila chuma. Tundu la namna hiyo linasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kizima kionekane, kisha linawekwa kiraka cha bati zito ao kipande cha bomba jingine, na kuchomelewa pande zote. Kama chuma kinavunjika kwa kidole, kiraka hakitashika. Inafaa kukata sehemu iliyooza na kuingiza kipande kingine. Hiyo nayo ni kazi ya mtaani. Bei yake iko chini ya ile ya kujaza tangi mara moja.

Tano ni kile kipande laini kilichofumwa kama kikapu cha waya, karibu na injini. Kazi yake ni kumeza mtikisiko. Kikipasuka, mafundi wengi wanakikata na kuweka bomba gumu. Kwa wiki chache kuna utulivu. Kisha mtikisiko uliokosa pa kwenda unapasua chuma cha juu, kile kinachofungwa kwenye injini yenyewe, ambacho ni chuma cha kuyeyushwa na hakichomelewi na kila mtu. Kipande laini kilichotumika, kikitolewa katika gari iliyokufa, kinalinda kitu cha bei kubwa kuliko chenyewe.

Sita ni kopo la kupunguza kelele. Likioza, linaweza kubadilishwa kwa kopo la gari nyingine lenye kipimo kinachokaribia. Masoko ya vipuli vya mitumba yapo. Kinachokatazwa ni kuondoa kopo na kuacha bomba tupu, kama wanavyofanya vijana wanaotaka gari isikike toka mbali.

Na kuna faida ambayo wenye magari hawaihesabu. Katika magari ya esanse yenye kompyuta, kuna kifaa ndani ya bomba kinachopima hewa na kuiambia injini itumie mafuta kiasi gani. Tundu likiwa karibu na injini, hewa ya nje inaingia, kifaa kinadanganyika, na injini inaongeza mafuta bila sababu. Mwenye gari anayekataa kulipa kiraka analipa esanse kila siku, na hajui kwamba analipa.

Fundi naye ana deni

Si haki kumlaumu mwenye gari peke yake. Baadhi ya garaji zinauza matengenezo ambayo ni mchezo wa kuigiza. Kopo la nyanya linakatwa, linazungushwa kwenye tundu, linafungwa kwa waya, na mteja analipa. Gundi ya moto inapakwa juu ya kutu bila kusugua. Gundi hiyo inaweza kumfikisha msafiri nyumbani. Haifai kuitwa matengenezo. Anayeipokea kama matengenezo atarudi garajini baada ya siku chache, na pengine hilo ndilo fundi analolitaka.

Kibaya zaidi ni kutumia mabomba ya maji yaliyopakwa zinki. Zinki ikipigwa moto wa kuchomelea inatoa moshi mweupe unaoleta homa, baridi na kifua kubana kwa yule anayechomelea. Vijana wa garaji wanalala wagonjwa usiku, wanaamka asubuhi, wanarudi kazini, na hakuna aliyewaambia sababu. Chuma cheusi cha kawaida, ao bomba la gari iliyokufa, kinafaa zaidi na hakimgharimu fundi afya yake.

Fundi anayejiheshimu anafanya mambo matatu kabla ya kugusa bomba kwa moto. Anatoa waya wa betri, ili umeme wa kuchomelea usiunguze kompyuta ya gari. Anateremsha bomba chini kama linateremka, na kuchomelea mbali na tangi na mirija ya mafuta. Anaweka maji ao mchanga karibu. Akimaliza, anarudia kile kipimo cha kitambaa mbele ya mteja. Mteja asiyeonyeshwa kipimo hicho ana haki ya kukiomba kabla ya kulipa.

Nani alipe?

Katika usafiri wa Butembo, kama katika miji mingi ya Kongo, dereva si mwenye gari. Anapewa gari asubuhi, na jioni analeta kiasi kilichopatanwa. Kinachozidi ndicho chakula cha watoto wake. Katika mapatano ya namna hiyo, kila saa gari inayolala garajini inatoka katika sahani ya dereva, na kila franka ya kiraka inabishaniwa. Bosi anasema: « Wewe ndiye uliyeligonga kwenye mawe. » Dereva anasema: « Gari ni yako. » Wanapobishana, bomba linaendelea kutoa sumu, na wanaoivuta ni watu wasio na neno katika mapatano hayo.

Jibu la haki ni jepesi. Bomba la moshi ni sehemu ya gari kama vile breki. Mwenye gari analipa, na siku ya matengenezo hayo haidaiwi. Dereva naye ana kazi yake: kusema mapema, mpira ukikatika, kabla bomba halijaanguka. Bosi anayemwadhibu dereva kwa kusema ukweli anajinunulia hasara.

Faini haizibi tundu

Kongo ina sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978, na ina utaratibu wa ukaguzi wa magari. Sheria haikosekani. Kinachokosekana ni matumizi yake yenye faida kwa abiria. Gari inayonguruma inasimamishwa, mkono unaingia mfukoni, mkono unatoka, gari inaendelea kunguruma. Kesho inasimamishwa tena mahali palepale. Wanaoendesha barabara hiyo wanajua kwamba feza zilizobaki kwenye barieri katika mwezi mmoja zingetosha kununua pete, skurubu na kiraka. Kwa hiyo bomba lililotoboka limekuwa shamba: halizibwi kwa sababu linavunwa.

Kuna njia nyingine, na haiombi sheria mpya. Gari yenye bomba lililotoboka ipewe karatasi na siku 7. Ikirudi na bomba zima, isilipe kitu. Isiporudi, isimame, isibebe watu mpaka itengenezwe. Chama cha madereva na shirika la raia la mji vinaweza kusimamia orodha hiyo pamoja na polisi, hadharani, ili karatasi isigeuke tena kuwa bei.

Mashirika yanayokodi magari kwa kubeba misaada na watu waliohama yana sehemu yao. Yanakagua karatasi za gari, yanahesabu mifuko ya unga, yanapiga picha. Mtu mmoja akiinama na kuangalia chini ya gari kabla ya jamaa kupanda, atakuwa amefanya kazi kubwa. Mkataba wa kukodi unaweza kubeba mstari mmoja zaidi: bomba zima ao hakuna safari.

Magari yanayofika yakiwa yamechoka

Inafaa pia kuangalia mbali kidogo. Mwezi wa Oktoba 2020, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitoa ripoti juu ya magari ya mitumba. Kati ya mwaka 2015 na 2018, magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje ya nchi zilizoyatumia kwanza, mengi yakitoka Ulaya, Japani na Marekani, na zaidi ya nusu yakaja Afrika. Ripoti ilisema wazi kwamba mengi yao yanachafua hewa na hayana usalama wa kutosha. Butembo, mji wa wafanyabiashara wanaojua njia ya Dubai na ya Mombasa, uko ndani ya hadithi hiyo.

Gari nyingine zinafika zikiwa zimekatwa kile kipande cha bomba chenye kazi ya kusafisha moshi. Ndani yake kuna platini, paladi na rodi, madini ya bei kubwa, na duniani kote kuna wanaokitafuta ili kukiuza. Mwenye gari anayekubali kukiuza kwa fundi ao kwa mpita njia anapata feza za siku moja, na anawaachia watu wa kata yake sumu ya miaka. Lakini hilo lisiwe kisingizio. Gari kuukuu iliyofungwa vizuri chini inabeba watu salama kuliko gari ya juzi yenye bomba wazi. Umri wa gari hauchaguliwi na maskini. Mpira na kiraka vinachaguliwa.

« Vita kwanza »

Litabaki neno la mwisho, na ndilo lenye uzito. Watu wanauawa mashambani, nyumba zinaungua, bei ya chakula inapanda, na hapa kuna mtu anazungumzia mabomba ya magari? Swali hilo linaulizwa na watu wenye uchungu wa kweli, na linastahili jibu.

Jibu ni kwamba vita haiko mikononi mwa fundi wa Butembo, wala mwa mwenye basi dogo, wala mwa mama aliyehama. Bomba liko mikononi mwao. Mtu aliyenusurika risasi, akatembea siku mbili, akapata nafasi katika gari, hawezi kuambiwa kwamba sumu ya gari hiyo ni jambo dogo kwa sababu alikotoka kulikuwa na jambo kubwa. Kila jambo dogo linaloachwa kwa sababu ya vita linakuwa silaha ya pili ya vita. Na hili, tofauti na mengine mengi, lina dawa ya bei nafuu, iliyo mtaani, inayomalizika kabla ya jua kutua.

Abiria asingoje wakubwa. Kabla ya kupanda, asikilize: gari inayonguruma chini ya viti, wala si nyuma, imetoboka katikati. Aulize kwa sauti, wengine wasikie, kwa maana dereva anaweza kumdharau mmoja lakini hawezi kuwadharau kumi na wawili. Mzigo ufungwe juu ya gari, mlango wa nyuma ufungwe kabisa. Ikilazimika kubaki wazi, madirisha ya mbele yafunguliwe ili hewa safi iingie, hata kama ni baridi. Hilo linapunguza hatari, haliimalizi. Wajawazito na watoto wakae mbele. Gari ikisimama muda mrefu, injini izimwe. Mtoto akisinzia kwa namna isiyo ya kawaida, ao watu wawili watatu wakianza kuumwa kichwa, gari isimame, wote washuke, wapumue. Asiyepata nafuu apelekwe kituo cha afya, na muuguzi aambiwe waziwazi: alikuwa ndani ya gari yenye moshi. Neno hilo moja linaweza kumwongoza muuguzi kwenye oksijeni badala ya dawa ya malaria.

Na mwenye gari aelewe jambo moja. Abiria halipi nauli ili gari itembee tu. Analipa ili afike akiwa mzima. Gari inayomfikisha na sumu katika damu yake imepokea feza zake bila kumaliza kazi.